Binti wa Sungura Mweupe

Mume wangu alilipenda dume lake kuliko kazi yake ya ulinzi, na sisemi kwa utani. Lilikuwa sungura kubwa la kijivu. Wakongo wenzetu wa mitaa ya La Rochelle na Rosettenville, huku kusini tulikohamia, walileta majike wao uani kwetu ndani ya maboksi, kwa sababu jike ndiye hupelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwenye kizimba cha jike, jike atamng'ata. Kila aliyekuja alisikia hotuba ileile.

"Dume njo mbegu," mume wangu alisema. "Jike ni sanduku tu."

Mimi niliyekuwa nasafisha vizimba nilijua sivyo. Tulikuwa na majike wawili. Wa kahawia, mdogo, aling'oa manyoya ya tumbo lake mwenyewe kabla ya kuzaa, akatandika, akawafunika watoto. Mweupe alikuwa mzuri wa kutazama, ila alizaa juu ya waya wa sakafu ya kizimba kama mtu anayetupa taka, kisha akaenda kula majani. Watoto wa uzao wa kwanza waliganda kwa baridi wote. Katika uzao wa pili nilimwahi mmoja akiwa hai, jike. Nikamsugua kwa matandiko ya yule wa kahawia ili apate harufu yake, nikampenyeza katikati ya watoto wake. Hakumkataa.

Aliyempenda yatima huyo ni binti yetu. Nasema yetu, ingawa nilimkuta ana miaka mitatu; mama yake mzazi alishamwacha kwa jirani akaenda zake Durban. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kiswahili alikielewa chote lakini alijibu Kiingereza, isipokuwa akiwa na uchungu.

Mwaka 2017 sungura wake alikomaa, naye akataka apandishwe. Jumapili hiyo shangazi yake, dada wa mume wangu, alikuwa mezani kwetu. Mume wangu akasema huyo ni wa sufuria, si wa kuzaa. "Damu ya mama yake iko mule."

Shangazi akacheka, na macho yake yakaenda kwa mtoto, si kwa sungura. "Mutoto wa nyoka ni nyoka," akasema. "Tutaona."

Binti akaweka kijiko chini. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kule hakukuwa heshima. Ulikuwa woga. Shangazi alipoondoka ndipo nikamwambia mume wangu sungura atapandishwa, la sivyo apike mwenyewe.

Mimba ya sungura ni siku thelathini na moja. Binti alizikata moja moja kwenye kalenda ya kanisa. Siku ya ishirini na nane tukaweka sanduku la kuzalia na nyasi kavu. Ya ishirini na tisa, hakung'oa hata unyoya mmoja. Ya thelathini, vilevile. Ilikuwa Julai, katikati ya baridi ya huku kusini, maji yaliganda kwenye ndoo. Mtoto alichungulia kabla ya shule na baada ya shule, na sahani yake ikarudi jikoni na chakula. Nilijua hakuwa akihesabu siku za sungura tu. Hata mume wangu aliacha utani.

Siku ya thelathini na moja niliamka kabla ya kila mtu. Nikamng'oa yule wa kahawia manyoya kiganja kizima, nikakusudia kuyatandika sandukuni, kisha nimwite binti aone. Nilikuwa naenda kumdanganya, ndiyo, wala sikuona aibu.

Nikakuta mlango wa uani uko wazi. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye sementi, tayari na sare ya shule. Sungura wake alikuwa amezaa sita juu ya waya, naye kajikunja pembeni anatafuna nyasi. Wawili hawakutikisika tena. Wanne binti alikuwa amewatia ndani ya sweta, kwenye ngozi ya tumbo lake.

"Baba alisema kweli," akaniambia, kwa Kiswahili.

"Baba yako anajua madume, basi. Angalia nani amewashika."

Hakuangalia watoto. Aliangalia mkono wangu. "Hayo manyoya ni ya nini?"

Nikayaficha nyuma ya mgongo.

"Ulijua hatayang'oa," akasema. "Na mimi unaniangaliaga hivyo. Kama shangazi. Unangoja."

Mimi si mtu wa kukosa jibu, na siku hiyo pia nilikuwa nalo, tena kali. Lakini alisema kweli. Kila alipochelewa kurudi, kila alipojifungia chumbani, miaka kumi mizima, nilikuwa nikimtafuta yule mwanamke wa Durban ndani yake.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nangoja. Nisamehe, mwanangu."

Akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa wawili, akanipa. Walikuwa uchi, wanatetemeka. Nikafungua vifungo, nikawaweka kifuani, nikakaa chini karibu naye.