Mjomba ameyeyusha saa ya baba ili ajue kama ni dhahabu

Habari zenu wote mnaosoma ukurasa huu. Naomba jina langu libaki kwa admin, maana watu wa zoni yetu wote wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mkongo wa Kivu Kusini, naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama yangu. Tulikuja nikiwa mtoto. Baba hakufika. Tulipotezana naye njiani wakati wa kukimbia, na mpaka leo hatujui kama yuko hai.

Kabla hatujatengana, baba alivua saa yake akaifunga kwenye kona ya kitenge cha mama. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa migodi, na yule mzungu ndiye aliyempa siku anarudi kwao. Saa nyembamba, ya kuvalia suti. Rangi yake ilikuwa ya ajabu, si njano wala nyeupe, kama chai ya maziwa iliyopoa. Mgongoni ilichorwa namba. Tumelala njaa na ile saa iko ndani, mama hakuiuza. Kila jioni aliitoa, akapitisha kidole gumba kwenye ile namba, akairudisha. Macho yake sasa ni mabovu, lakini kwa kidole anaijua.

Mwaka huu tumekubaliwa kwenda ng'ambo. Watu wakamtia mama hofu kwamba dhahabu isiyo na karatasi inachukuliwa uwanja wa ndege. Mama akasema bila saa haendi popote. Basi nikaibeba mpaka Mbarara, kwenye duka la saa na mikufu karibu na Nyamityobora. Mwenye duka, mama wa Kinyankole, aliitazama kwa kioo chake muda mrefu.

"Nyabo, dada yangu, hii dhahabu mimi sijaona," akaniambia. "Wamechanganya na kitu. Na hii namba nyuma inasema iko ya kumi na mbili, na walitengeneza hamsini tu. Usipatie mtu kufungua. Mimi natuma picha kwa mtu wa Kampala, yeye ndiye ataandika karatasi."

Nikarudi na saa nikampa mama. Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilisimulia mbele ya mjomba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, zamani kule kwetu alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji mtoni. Hapa kambini analima maharage kama sisi wote, ila ukitaja dhahabu anakaa vizuri kwenye kiti. Aliona tumemdharau. "Munaenda kuuliza mwanamuke wa duka, na miye niko hapa?" Na kwetu, mwanamke asiye na mume pembeni, kaka yake ndiye msemaji wa vitu vyake. Siku nilipokwenda sokoni Isingiro, alikuja akamwambia mama anaipeleka mwenyewe Mbarara kwa ajili ya karatasi. Mama akampa. Angemkatalia vipi?

Wiki iliyofuata mama wa duka akanipigia. Mtu wa Kampala amejibu, saa kama hizo hazitengenezwi tena, na karatasi ataandika, ila lazima aione ikiwa nzima. Nilikwenda kwa mjomba, kumbe bado hajaifikisha dukani, karibu nikikimbia, kwa furaha.

Akaniwekea mkononi kipande cha karatasi ya nailoni. Ndani kulikuwa na donge dogo kama punje ya maharage.

"Nilisugua ku jiwe, nikatia dawa ya kupimia, rangi ikakataa," akasema, akiniita maman kama kwetu wakubwa wanavyoita binti. "Sasa nikatia mu moto. Moto haidanganyake mutu. Ni zahabu ya kweli, maman. Sasa tunajua."

Nikamuuliza saa iko wapi. Akanishangaa. "Si ndiyo hii? Zahabu yote iko pale, hakuna kenye kilipotea. Mashine nilitupa. Mashine hatupimaka."

Ndugu zangu, sikilizeni. Hakuiba. Ningeshukuru angekuwa mwizi, ningejua pa kumshitaki. Alifanya kama wanavyofanya mtoni, ambako kitu chochote cha dhahabu ni uzito tu na vingine vyote ni takataka. Nilipomweleza yale ya Kampala alisema nisimwambie mama, atakufa.

Juzi amekuja na dawa yake. Amenunua saa ya bandia, inang'aa njano kama samli ya ng'ombe, na amemlipa fundi aichore namba mgongoni. Anataka niifunge kwenye kitenge, tupande ndege, yaishe. Namchukia. Nasema wazi, namchukia, na bado kila asubuhi lazima nimsalimie kwa heshima kwa sababu mama ananiangalia.

Safari yetu imekaribia. Mama anadhani saa iko Mbarara. Jana jioni kidole chake kilikuwa kinasugua kona tupu ya kitenge. Akaniuliza, "Maman, ile saa ingali kule? Uilete niishike kidogo. Baba yako akikuja siku moja, atatujulia wapi bila ile saa?"

Nikamjibu bado wanaandika karatasi. Donge la mjomba lilikuwa kwenye sidiria yangu wakati namjibu.

Nikimwambia ukweli, hapandi ndege, nasi tutazeekea hapa. Nikimfungia ile ya bandia, kidole chake kitaigusa, na ikiwa kitadanganyika, mimi ndiye nitakayemtazama kila jioni ya maisha yake akiipapasa takataka ya mjomba na kumtaja baba. Wenye mama zenu, niambieni: kesho akinyoosha mkono, niweke nini ndani yake?