Kopo la Mwanaume

Nilitoka Bujumbura na begi moja na makopo mawili ya unga wa mizizi. Miaka minne nilikuwa nimemsagia dawa mzee mmoja Mhindi, mganga wa tiba za kwao, mpaka miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari, kama kawaida yangu. Uvira, Bukavu, boti hadi Bweremana, kisha lori la chumvi kupitia Sake na Masisi. Tulizama kwenye matope mara tatu. Siku ya sita nilishuka Kashebere, soksi zimekauka kama udongo wa ukuta, na mkulima mmoja wa maharagi akanipa chumba cha uani.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu: mkulima, mke wake mzaliwa wa Kalembe, na mama yake mkulima. Mtoto hakuwepo. Miaka sita sasa. Kila asubuhi mama alimchemshia mkamwana majani machungu, akamsimamia mpaka kikombe kibaki kitupu. Ndivyo walivyozoea: dawa ya uzazi hupitia mkononi mwa mama mkwe, na anayekunywa ni mwanamke.

"Tukimaliza kupanda na hana mimba," mama aliniambia bila kushusha sauti, "nitamurudisha kwao Kalembe."

Mke aliendelea kumenya mihogo. Nilikuwa nimeshampenda kama dada. Ndiye aliyezifua zile soksi.

Nikatoa makopo yangu, moja la mwanamke, moja la mwanaume, nikamkabidhi mama kwa heshima na kumweleza: kijiko kimoja kwa maziwa ya moto, kila mtu na lake. "Aksanti, mutoto wangu," akasema.

Baada ya mwezi nilimuuliza mkulima kama dawa ilikuwa chungu.

"Dawa gani?"

Mama alikuwa amempa mkamwana makopo yote mawili.

"Mama, kopo moja lilikuwa la mwanaume!"

"Mwanaume iko na tumbo ya mimba? Dawa inaingia pale mutoto anatokea."

Mke alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Njo maana nguvu ya kulima imenijaa! Papa wa dawa, angalia, ndevu haziyatoka?"

Tulicheka wote, isipokuwa mkulima.

Mama alikuwa akipima mbegu za kupanda. Hapo Kashebere hakuna aliyemzidi kwa kazi hiyo: alimwaga maharagi kwenye beseni la maji, yanayoelea akawatupia kuku. Nikawaambia alichokuwa akinifundisha yule Mhindi, kwamba mimba inataka msimu, shamba, maji na mbegu. Kimoja kikikosa, haifai kulaumu shamba peke yake.

Mke akasema polepole, "Mama, kila mwaka unapima mbegu. Shamba umelipima miaka sita. Mbegu ya hii nyumba, nani amepima?"

Mkono wa mama ukasimama ndani ya maji. Mkulima aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu. "Twende wote wawili," akamwambia mkewe, wakapanda pikipiki kwenda kituo cha afya.

Waliporudi, alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama, bibi yangu hana kosa. Ni miye." Mbegu zake zilikuwa chache na dhaifu. Mganga wa kituo alimpa dawa ya maambukizo, akamkataza pombe ya ndizi na tumbaku. Kuhusu unga wangu alisema hajui. Mimi pia sikujua. Hata Mhindi mwenyewe hakuwahi kumuahidi mtu mtoto.

Mama alirudi kwenye beseni lake.

Kupanda kulipokwisha, niliondoka. Asubuhi hiyo nilimkuta mama jikoni, amemsimamia mwanawe na kikombe cha maziwa ya moto, maziwa matupu, maana unga ulikwisha zamani.

"Kunywa. Yote. Ninakuangalia."

"Mama, iko kidogo imebaki chini," mke akasema, mikono kiunoni, na uso wote unacheka.

Mimba haikuwepo bado, lakini habari ya Kalembe haikutajwa tena. Mama alinisindikiza barabarani, akanitilia mfukoni maharagi yaliyofungwa kwenye jani, yale yaliyozama.

Lori lilikuwa linaelekea Walikale. Nilipanda, na sijarudi Kashebere tena. Maharagi yale nimeyapanda kila mahali nilipokaa zaidi ya miezi mitatu.