Mashua Iliyonywesha Ng'ombe

Mwau Mulinge aliteremka Kilifi akiwa na miaka kumi na tisa na mfuko wa patasi, akitafuta watalii wa kununua twiga wa mbao. Twiga hawakununuliwa. Lakini mzungu mmoja mwenye karakana ya mashua za matanga aliuona mkono wake, akamwambia aache twiga, aje kuchonga mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua yote.

Akakaa huko miaka ishirini na mbili. Walijenga mashua za kukodishwa: wageni walizichukua wiki nzima, pamoja na nahodha na mpishi. Biashara hiyo ilipanda na kushuka kama bei ya ndengu. Watalii wakiogopa, karakana ililala. Mwaka wa korona ililala moja kwa moja, na Mwau akarudi kwao Mutomo, Kitui.

Wateja waliporejea, wengi sasa walikuwa watu wa Nairobi waliotaka mashua ndogo ya siku moja. Nahodha Hamud wa Kilifi akamkumbuka. Mwau akamwambia kwa simu kwamba mti wa mukau wa Kitui hauliwi na mchwa, na kwamba angeweza kuijenga hukohuko nyumbani.

"Nijengee moja," Hamud alisema. "Ikivuja, fundi, tusisumbuane tena."

Mashua ikasimama uani miezi mitano. Wapita njia hawakumwacha.

"Fundi, hiyo ni ya kuvukia vumbi?"

Mwau alicheka, akaendelea kusukuma pamba kwenye maungio. Kilichomkosesha raha kilikuwa kingine. Jua la Mutomo lilikuwa limezikausha mbao, na maungio yakaanza kuachana. Njia ya kujua kama inavuja ni kuijaza maji na kuyaacha siku tatu, mbao zivimbe na kubanana. Lakini kisimani wanawake walipanga mitungi tangu alfajiri. Nani angethubutu kuzinywesha mbao?

"Ukienda pale na mapipa, mimi kanisani sitaonekana," mkewe, Mutindi, alimwambia. Mwau alijua ni kweli. Hakwenda.

Hamud alitaka kuja kuikagua Jumamosi. Jumanne, Abdille, mchuuzi wa mifugo aliyekuwa amepumzisha ng'ombe sitini karibu na soko, alipita akilalamika. Tangi lake la plastiki lilikuwa limepasuka, na lori la maji alilolipia lingefika jioni.

"Nitayamwaga wapi, wallahi? Kwenye kofia?"

Mwau aliitazama mashua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo yalimtoka kwa shida.

"Yamwage humu. Haina rangi bado, ni pamba na mafuta ya nazi tu. Asubuhi tutayateka, ng'ombe wanywe."

"Humu? Mwau, wewe ni mgonjwa?"

"Kama haivuji, hupotezi hata kikombe."

"Na ikivuja?"

"Basi mimi ndiye nimepotea."

Mwau aliipangia magunia ya mchanga pande zote, maana maji ya ndani husukuma mbao nje. Lori likamwaga. Chini ya mkuku vumbi likalowa sehemu tisa. Kila palipodondoka akapiga alama ya chaki. Asubuhi ng'ombe wakanywa kwenye mabeseni, na jioni lori likamwaga tena. Siku ya pili alama zilizokuwa bado zinadondoka zilikuwa nne. Siku ya tatu zilikuwa mbili, na maungio ya hapo akayafungua, akayajaza pamba upya, akayagonga hadi yakanyamaza.

Jumamosi Hamud aliizunguka mashua mara mbili, akalala chali chini yake.

"Umeipima na nini, ukame huu?"

Abdille alikuwa amekuja kuaga. Akajibu kwa niaba ya Mwau.

"Ng'ombe wangu sitini wamekunywa humo siku tatu, nahodha. Kama hutaki kutuamini sisi, kamuulize yule mweupe mwenye pembe moja."

Hamud alicheka mpaka akaketi. Kisha akauliza kama mbili zaidi zingekuwa tayari kabla ya Desemba.

"Zinaweza," Mwau alisema, na alasiri hiyohiyo akaenda kwa jirani yake Mbuvi kuangalia miti ya mukau.