Laptopu Iliyofika Amina

Benedicte, anayepiga video za kwaya ya Wakongomani, aliingia dukani Old Kampala kutafuta laptopu, flashi ikining'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na video ya mazishi ya mama mchungaji. Watoto wa marehemu, walioshindwa kutoka Beni, kule Kongo, kuja kuzika, walikuwa wakiisubiri video hiyo.

"Mama, chukua hii nyembamba, inang'aa," alisema Akram, mwenye duka.

"Kwanza iimbe, mwanangu."

Alichomeka flashi, akaanza kukata na kuunga picha. Laptopu ikaganda, waimbaji midomo wazi.

"Wamesahau wimbo?" Akram alitania.

Wakajaribu nyingine nzito, yenye mikwaruzo, Benedicte akimweleza habari za msiba na watoto wa Beni. Wimbo ukaenda mpaka amina ya mwisho. Akram alikuwa ameshazima redio bila kuombwa.

"Beba hii, mama. Nao wamzike mama yao, japo kwa macho."

Benedicte akaiwekea mkono, akamshukuru Mungu palepale, akimtaja na Akram kwa jina.