Lugha Mbili Zilizonifukuza Muthara

Anti yangu hakunichukia kwa sababu ya uvivu. Miraa nilichambua haraka kuliko yeye, na mafungu yangu dereva wa mzigo hakuwahi kuyarudisha. Alinichukia kwa sababu ya mdomo. Mikono yangu ikiwa kazini, mdomo nao ulikuwa na kazi yake: asubuhi Kifaransa, jua likishapanda Kijapani, kwa kunong'ona, sikio moja likiwa na waya chini ya kitambaa cha kichwa.

"Huyo anaongea na nani tena?" aliuliza kila siku. Hakuniuliza mimi. Aliwauliza wanawake wengine tuliokaa nao kibandani.

"Anaongea na wazungu wake," alijibu mama mmoja wa sauti nzito, ambaye pale kibandani ndiye aliyekuwa mkubwa wa maneno. "Hebu mwulize wanamwoa lini, tujue tutavaa nini."

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka pia, maana utani ukiwa mzuri ni mzuri tu, hata ukiwa wewe ndiye unayechomwa. Anti peke yake hakucheka.

Shule niliishia kidato cha pili. Kifaransa kilinishika huko huko. Mwalimu mwanafunzi aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha alikaa nasi muhula mmoja, akaenda zake, akaniachia salamu na namna ya kuagiza mkate. Nilipokuja Muthara kukaa kwa anti, dada mdogo wa mama yangu, niliendelea na masomo ya bure kwenye simu. Kijapani kililetwa na gari. Dereva aliyechukua mzigo wetu alikuwa na kagari ka mitumba kutoka Japani, na kila akikawasha, sauti ya mwanamke mpole ilitoka ndani ikasema sentensi nzima.

"Huyo ni bibi yangu," dereva alipenda kusema. "Mimi naweka petroli, yeye anabembeleza."

Mimi nilitaka kujua anabembeleza vipi. Ilinichukua muda mrefu, na siku nilipoelewa nilimkimbilia dereva na majani ya migomba mkononi. Yule mama wa garini alikuwa anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara za huko kwao haijawekwa mahali pake. Dereva alinikasirikia kweli.

"Sasa umeniharibia," alisema. "Miaka hii yote mimi najua ananitakia safari njema."

Watu wanaoniuliza napata wapi muda hawajui miraa. Inakatwa alfajiri, inachambuliwa, inafungwa, inavikwa majani ya migomba isikauke, na gari lisipoondoka kwa wakati kila mtu pale anageuka simba. Baada ya hapo kuna maji, kuni, mahindi na maharagwe ya githeri, watoto wa kuogesha. Muda wa kukaa na kusoma haukuwepo hata kidogo. Kulikuwa na mdomo tu uliokuwa bure. Lugha nayo haitaki kimya. Usipoitamka inakaa kichwani kama mgeni aliyekataa kiti.

Anti alikuwa na sheria yake. "Kwa boma langu sitaki lugha nisiyoisikia. Nitajuaje kama hunitukani?"

"Nikikutukana, anti, nitakutukana kwa Kimeru ndiyo ufurahie."

Hilo pia halikumchekesha. Tangu siku hiyo aliniruhusu kutamka maneno yangu kwenye shamba la mahindi tu, mbali na watu, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mzigo ulikuwa umeondoka, na watoto wa anti walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya jikoni wakingoja uji. Wiki hiyo nilikuwa kwenye somo la hesabu. Nilikuwa na furaha, sijui ya nini, labda jua tu. Nikachukua upawa, nikaanza kumwelekezea mtoto mmoja mmoja: "Ichi! Ni! San!" Wao wakaitikia kwa kelele. Kitinda mimba, kasichana kalikolala kitandani kwangu, kakaruka juu kakasema, "Na mimi! Na mimi nihesabu!" Nikamhesabu.

Anti alikuwa amesimama mlangoni.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Mtu akikuuliza una wangapi unamwambia wapo, au unawataja majina, basi. Kuhesabu ni kuwaonyesha kwa kile kinachochukua watu. Nalijua hilo tangu nikiwa mdogo. Mbuzi wenyewe nisingewahesabu kwa sauti. Lakini maneno yalikuwa mapya mno mdomoni hata sikuyaona kuwa ni hesabu. Kwangu yalikuwa somo.

"Umehesabu watoto wangu," anti alisema polepole.

Nilitaka kumtuliza. Ndiyo maana nikasema, "Lakini ni kwa Kijapani, anti. Kifo cha huku hakijui Kijapani."

Mama wa sauti nzito, aliyekuwa amepitia hapo kutoka kibandani, alicheka mara moja, akajiziba mdomo kwa leso.

"Kumbe unajua kuna kifo," anti alisema, "na bado umehesabu."

Jumatatu kitinda mimba aliamka na homa. Shingo ilikuwa imevimba na mate hakuweza kumeza. Zahanati walisema ni koo, wakampa dawa. Nilirudi mbio kutoka kibandani kumwona, nikakuta anti amekaa mlangoni na miguu yake imeuziba.

"Usikanyage hapa."

"Daktari amesema ni koo, anti."

"Huyo daktari alikuwepo ukimwelekezea upawa?"

Mtoto alinisikia akaanza kuniita. Aliita mpaka sauti ikakauka, na mimi nimesimama uani na mikono yangu inanuka miraa. Anti hakusogeza mguu.

Kibandani wanawake walihamisha magunia yao. Nikabaki na nafasi tupu kila upande kama mwenye upele. Hata utani uliisha, na hapo ndipo nilipojua ni vita. Nilinyamaza. Sikutamka neno hata shambani, kwa sababu kila nilipofungua mdomo niliona ile shingo iliyovimba. Na nilimchukia anti kwa nguvu iliyonishangaza, mimi ninayelia kuku akichinjwa. Nilikuwa nikifunga miraa huku nikimpangia maneno makali kwa lugha nne.

Mtoto alipona. Asubuhi moja alitoka akikimbiza bata, shingo nyembamba kama zamani. Nilifikiri yamekwisha, nikaenda kumbeba. Wanawake wa kibandani wakitazama, anti akamtoa mikononi mwangu.

"Amepona kwa sababu ulinyamaza," alisema. "Sasa ukitaka kukaa hapa, lete hiyo simu, na uape mbele ya hawa kwamba hayo maneno hutayasema tena."

Simu ningeitoa. Nasema ukweli, ningeitoa, kwa jinsi nilivyompenda yule mtoto. Lakini kuapa kungekuwa kukubali kwamba mimi ndiye niliyemtia homa. Angekua akiambiwa hivyo, na mimi ndiye niliyekubali.

"Siapi, anti."

"Basi barabara unaijua."

Kamfuko kangu kalikuwa kepesi. Dereva alinipakia nyuma, juu ya mzigo, na mama wa sauti nzito akanirushia ndizi mbili bila kunitazama.

Sasa niko mjini, naosha vyombo kwenye hoteli moja ya Makutano na nimepanga chumba mtaa wa Majengo. Kazi ni nyingi kuliko ya Muthara, lakini malori yanapiga kelele kiasi kwamba naweza kutamka ninavyotaka. Mpishi ndiye pekee anayenisikia.

"Wewe msichana, unaongea na sufuria?"

"Ndiyo. Kwa Kijapani."

"Inakujibu?"

"Bado ina masizi."

Juzi simu iliita nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa anti. Salamu hakuna.

"Kuna mtu anasumbua watu hapa. Ongea naye, na uongee Kiswahili. Nimeweka kwa spika."

Ikaja sauti ndogo. "Utakuja lini?"

"Bado, mpenzi. Unakula?"

"Nakula. Sema ile yako."

"Ipi?"

"Ile yako!"

Nilisikia majani ya migomba yakipasuliwa, kwa hiyo kibanda kizima kilikuwa kinasikiliza. Anti alikuwa anapumua karibu na simu. Ningeweza kusema nimesahau. Nikasema, polepole, kwa Kijapani, sentensi ndefu ambayo sikujua kama ninaiweza. Halafu nikasema tena kwa Kifaransa. Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi.

"Umemwambia nini mtoto wangu?" Anti alikuwa amechukua simu.

"Nimemwambia ale ashibe, na kwamba namkumbuka."

"Na hiyo ya pili?"

"Ni hiyo hiyo."

"Kitu kimoja mara mbili? Wewe huna kazi."

"Ninayo, anti. Sahani zimejaa hapa."

"Basi osha," alisema, akakata.