Nilivyomtangaza Tusajigwe Mtoro wa Dawa

Jamani, chekeni nami. Mimi ni nesi wa kifua kikuu huku Ipyana, na kwa kujisifu sijambo. Wageni wa wilayani walipouliza wagonjwa wetu wangapi wamepona, nilisimama kifua mbele.

"Wote! Isipokuwa Tusajigwe. Huyo katoroka dawa, kavukia Malawi, katuharibia sifa."

Mpishi wetu mpya, mama mnene aliyebeba sufuria kubwa ya wali peke yake, akaitua.

"Tusajigwe ndiye mimi, nesi. Dawa nilimalizia kwa shangazi, kule Karonga, Malawi, wakanipima, nimepona. Ndaga fijo, asante sana."

Aliletwa kwetu amebebwa mgongoni, mbavu nje, ningemjuaje?

Nikawageukia wageni, jasho likinitiririka.

"Basi andikeni wote."