Wakala wa Kinondoni

Mwalimu Gozbert alipofariki, mjane wake alirudishwa Bukoba pamoja na watoto kwa nauli ya mchango, na kitanda chao kikabaki uani kikinyeshewa. Mwalimu Revelian, aliyefundisha naye shule moja hapo Temeke, alikiona kila alipopita. Ndipo akaazimia kukata bima ya maisha.

Kwanza alikwenda mjini, kwenye kampuni ya Wazungu. Karani alimweleza vizuri tu, lakini Revelian alimfikiria mkewe Kokuberwa, asiyejua kusoma, akisimama peke yake mbele ya meza ile na msiba wake. Akaona heri apate wakala wa karibu, mtu atakayemfuata mjane mlangoni. Jirani yake Marijani akamtajia Romani wa Kinondoni, kisha akasita.

"Ni mwaminifu, hajamdhulumu mjane hata mmoja," alisema. "Ila huonekana misibani kabla hajaitwa."

Revelian alikwenda mchana, jua likiwaka. Kila aliyemwuliza njia alimwonyesha kwa kidevu, kisha akaingia ndani. Romani alikuwa ameketi barazani, mtu mzima mwembamba, shati amelifunga vifungo hadi kooni. Alipoitikia shikamoo alisema alimwona kwenye maziko ya Gozbert. Revelian hakumkumbuka kabisa.

Akaeleza haja yake. Romani hakuuliza umri wala mshahara. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akawa kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Revelian akaanza kusikia pumzi zake mwenyewe.

"Sikuandikishi leo," Romani alisema. "Nenda kwanza kwa daktari. Kifua chako kina mgeni."

Wakati huo Revelian hakuwa hata na kikohozi. Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira haikupoa mpaka alfajiri moja alipokohoa akaona damu kwenye leso. Hospitali walimwambia ni kifua kikuu, bado kichanga, wakamlaza.

Romani alikuja kumtazama kila Ijumaa. Hakuleta chungwa wala habari. Aliketi miguuni pa kitanda, kichwa ameinamisha, na wagonjwa wengine wakamgeuzia mgongo, kwani mzee wa kitanda cha pembeni, ambaye Romani alimtazama kwa kitambo, hakuiona Jumapili. Kokuberwa alimsihi nesi asimruhusu tena. Nesi alisema hajapata kumwona akiingia. Humkuta tu ameshaketi.

Halafu akaacha kuja. Revelian alipopona alikwenda Kinondoni kumshukuru. Barazani alimkuta Yuliana, dada yake Romani, amevaa nguo nyeusi. Kaka yake alikwisha kuzikwa. Kifua hichohicho, alichokuwa nacho tangu ujana.

"Akitoka kwako," Yuliana alisema, "alikaa hapa akijisikiliza mwenyewe. Kila mara aliniambia kifua chako kinapungua."

Revelian aliuliza kama marehemu aliacha bima.

"Nani angemwandikisha, baba? Aliomba kwa kampuni yake mwenyewe, wakamkataa."

Baada ya muda Revelian alikubaliwa kukata bima. Wakala mpya, kijana mchangamfu, alikuja mpaka Temeke, na Kokuberwa akampikia kahawa. Lakini kiti cha mgeni alikiweka uani, kwenye mwanga, na muda wote kijana alipokuwa akizungumza, Kokuberwa alisimama katikati, baina yake na mumewe.